Chembe Nisizoweza Kuzihesabu

Harusi ya binti yangu ilikuwa imebakiza siku kumi na saba. Nilihesabu kwenye kalenda, nikarudia kwa vidole, zikawa zile zile. Baba mdogo, ndugu ya marehemu baba, alikuwa uani akipasha ngoma zetu za jadi kwenye makaa. Ngoma hizo, isukuti, hazipigwi zikiwa baridi. Ngozi huoteshwa moto mpaka ikaze, ndipo sauti itoke. Ile kubwa ikateleza kuelekea makaa. Mtu mwingine angeiacha. Yeye aliidaka, na kiganja cha kulia kikatua motoni. Ngoma haikupata hata doa.

Tulipofika hospitalini mjini, shangazi alikuwa ameshampaka dawa ya meno. Muuguzi akaiosha amenuna.

"Mzee, hii mkono imeungua ama ulitaka kuiswaki?"

"Cheka tu, binti yangu. Niambie kama nitapiga ngoma."

Hilo ndilo lilikuwa swali. Bwana harusi akichelewa tunamvumilia. Lakini bibi harusi wa kwetu akitoka nyumbani bila isukuti, ni kama anatoroka. Na ile ngoma kubwa, ukoo mzima hatuna mwingine wa kuipiga ikaeleweka.

Muuguzi akatoa kitambaa cha kijivu. "Hii bandeji iko na madini ya fedha."

Nikaigeuza upande huu, nikaigeuza upande ule. Mimi huuza mitumba, nisichokiona sikiamini.

"Iko wapi?"

"Mama, ni chembe ndogo sana. Zinaitwa nano. Kwenye upana wa unywele wako mmoja unaweza kupanga maelfu."

"Nani alizihesabu?"

Akaniona ni mtu wa soko, akanifundisha kisoko. Kabichi nzima ukiitia kwenye sufuria, maji yanagusa nje tu. Ukiikatakata nyembamba, yanagusa kila mahali, na kabichi ni ile ile. Fedha nayo ikiwa ndogo kiasi hicho, unyevu wa kidonda unaigusa kote, nayo inaachilia polepole kinachoua viini. Akasema chembe za nano za madini mengine ziko kwenye mafuta ya kukinga jua, na kwamba baadhi ya chanjo za korona zilibebwa ndani ya vitone vya mafuta vya udogo huo.

"Hata soksi zingine huwekwa fedha, zisinuke."

Nimewahi kuuza soksi zilizoandikwa 'silver', nikamwapia mteja kwamba ni jina la kiwanda.

"Msiifungue siku saba," akasema.

"Tano."

"Saba, mama."

"Tano na nusu, nikuletee keki ya harusi."

"Saba. Na keki nitakula."

Ni nadra mimi kushindwa hivyo.

Siku ya saba muuguzi aliifungua mwenyewe. Hakuna usaha, hakuna harufu. Pembeni ngozi mpya ilikuwa inaingia, laini kama ya mtoto. Akafunga nyingine. Tuliporudi tena, kidonda kilikuwa kimefunga kabisa. "Piga," akamwambia baba mdogo, "lakini polepole, na vidole tu."

Jumamosi ya harusi alianza kwa vidole, kama anabisha mlango wa jirani. Bibi harusi alipotokea mlangoni, kiganja kizima kikaingia kazini, na akina mama wakapiga vigelegele mpaka kuku wakahama uani. Nilikwenda mbio kumkumbusha alivyoambiwa. Nilipomfikia, mabega yangu yalikuwa yameshaanza kucheza bila kuniuliza.