Maswali ya Mjomba Fundi

Mpwa wa Mjomba Fundi, ambaye sasa ana cherehani yake mwenyewe, bado anaikumbuka sauti ya mjomba ikipenya katikati ya pini alizozibana mdomoni. Mjomba akikupima kiuno, atakuuliza: "Maisha mazuri kwako ni yapi?" Akifika mabegani: "Tukishapiga kura, kazi yetu imeisha?" Usipojibu, hakuachii. Mchungaji mmoja aliulizwa kama huomba ili apewe au ili abadilike, akacheka mpaka pini za nguo aliyokuwa akijaribu zikamchoma. Siku mjomba alipofungua tena duka baada ya kumzika mkewe, alipima watu kimya. "Mjomba, leo huulizi?" mpwa akamwambia. "Leo namwuliza Mungu tu, mama. Bado namsubiri." Akampima mteja mkono, akasahau kipimo, akampima tena.