Siku Niliyokwenda Kuipeleleza Petta

Mpaka leo nikisikia mtu anataja kijiji cha Petta, masikio yananiwaka moto, na kwa kuwa mke wangu anakisimulia kisa hiki kila tukipata wageni (na anakiharibu), bora nikisimulie mwenyewe, niaibike kwa mpangilio.

Sisi ni Wayahudi wachache wa hapa Tororo, tunasali sebuleni kwa shemeji yangu Yoeli, kati ya kabati la vyombo na kochi. Kila Shabati, siku yetu ya mapumziko, tunasoma sehemu ya Torati ya wiki hiyo, ileile wanayosoma Wayahudi dunia nzima. Shabati ni mwiko kuandika, basi Jumatatu nawafundisha historia inayotoka humo: mji gani umetajwa, uko wapi katika nchi ya Israeli, nani amezikwa huko, watu walifukuzwaje, walirudije. Kazi hii nilipewa kwa sababu nilimaliza sekondari kwa masomo ya usiku nikiwa na miaka thelathini na minne, na tangu siku ile hakuna aliyefanikiwa kunizuia kueleza jambo lolote.

Wiki hiyo tulisoma habari za wapelelezi kumi na wawili ambao Musa aliwatuma Kanaani. Wiki hiyohiyo ukoo wa Mzee Owor wa Petta ulikuwa ukae kuamua kama utatupa kipande cha shamba tujenge sinagogi. Mzee mwenyewe alishakubali, walibaki ndugu zake, ambao walikuwa hawajawahi kutuona. Ningechora ramani ubaoni kama kawaida, Hebroni hapa, bonde la Eshkoli pale, tukanywa chai tukatawanyika. Lakini nikasema, "Jamani, nchi haijulikani kwa chaki! Twendeni Petta tukapeleleze, tupaone na mahali petu!"

Tulikwenda saba (watano waliopungua tuliwahesabu kwa imani). Wapelelezi wa Musa walirudi na kichala cha zabibu kilichobebwa na watu wawili kwenye mti; sisi zabibu hatuna, basi Yoeli akaleta mkungu wa ndizi kutoka kwake, tukauning'iniza kwenye gogo jembamba la mkaratusi, ncha moja begani kwangu, nyingine begani kwake. Kufika, Mzee Owor ameenda sokoni Busia. Mtu mwenye akili angerudi. Mimi nikatoa daftari, nikaanza kuwauliza watu waliokuwa wakipalilia yale maswali ambayo Musa aliwatuma nayo wapelelezi wake: ardhi hii ina rutuba au haina? Watu wake ni wengi au wachache? Wana nguvu au ni dhaifu?

Mama mmoja akanyanyuka na jembe lake. "Dhaifu nani? Nani natuma nyinyi?"

"Musa," akajibu Yoeli kutoka nyuma. (Na mtu huyu tulimpa dada yangu.)

"Musa gani? Yule nafukuza watu kwa shamba achimbe dhahabu kule Tiira? Watu wangu, kujeni! Hawa nakuja kupima shamba, na ndizi yetu nakata tayari!"

Yowe lile nadhani lilisikika Nairobi. Dakika mbili tu, nusu ya wilaya ilikuwa imetuzunguka na mapanga, daftari langu linapita mkono kwa mkono kama ushahidi: *Watu: wengi. Nguvu: nyingi sana.* Mwenyekiti wa kijiji akalisoma, akaniuliza taratibu, "Ssebo, bwana mkubwa, unahesabu watu yetu ya nini?"

Nikaeleza yote kwa pumzi moja: kwamba sisi ndio watu wa sinagogi wa Mzee Owor, kwamba kuna watu walioishi mbali na nchi yao karne nyingi, wakaisoma kila wiki ili wasisahau milima yake na visima vyake, na mimi nilitaka tu wanafunzi wangu waione kwa macho.

Yule mama akashusha jembe. "Si hiyo ni kitabu ya Hesabu, sura kumi na tatu? Sisi nasoma hiyo kanisani!"

"Ndiyo, mama! Kumi na tatu!"

"Na kumi na nne umesoma?" akauliza mwenyekiti.

Nikainama kufunga kamba za viatu, kwa sababu kumi na nne ndipo watu wanapoponzwa na wapelelezi, taifa zima likazungushwa jangwani miaka arobaini.

Ukoo ulikaa Alhamisi. Mzee Owor alitutetea mpaka sauti ikamkauka, kisha akaja kutuletea jibu, akijikaza asicheke: shamba tutapewa, ila baada ya mavuno mawili, "ili mkae jangwani kidogo," na siku ya kupima mipaka aje mtu yeyote isipokuwa mwalimu.

Kwa hiyo bado tumebanana sebuleni, na kosa ni langu peke yangu. Nimeapa: sehemu yoyote ya Torati yenye safari ndani yake, nitaisoma tena mpaka mwisho kabla sijavaa viatu.