Siku Zubeda Alipopakia Tishari

Zubeda, muuza uji wa Kurasini, alikuwa na sauti, na mumewe aliifungia ndani. Kabla ya kuolewa aliimba kwenye harusi za Temeke nzima. Harusi isiyo na Zubeda ilipwaya. Mwinjuma alipomwoa akasema hataki mkewe aimbe mbele ya wanaume. Zubeda akaahidi. Mimi niliyekuwa nikiuza chapati kando yake pale bandarini ningegoma, lakini yeye alimpenda yule bwana, na kupenda nako kuna mambo yake.

Kilichonikera ni kwamba Mwinjuma mwenyewe alikula kwa kuimba. Ndiye aliyeongoza wimbo wa wapakiaji: akiita, wenzake wanaitikia, na katika kuitikia ndipo wote wanavuta kamba. Asipoita, kila mtu anavuta kivyake na mzigo haujongei.

Mwaka tisini na mbili likaja tishari, chombo bapa kisicho na injini, kuchukua mitambo ya upepo ya kuvutia maji visimani kule Mafia. Kulikuwa na mapanga yake na nguzo ndefu za chuma. Kreni ikaharibika, msimamizi akaamua nguzo zivutwe kwa mikono, juu ya magogo, kupitia daraja la mbao. Mwinjuma alikuwa na mafua makali. Zubeda alikuwa amemsihi abaki nyumbani, lakini mtu yule kwa ubishi hana mfano.

Nguzo ya kwanza ilipofika katikati ya daraja, sauti ikamkauka Mwinjuma. Alifungua mdomo, ikatoka pumzi tupu. Kamba zikalegea upande mmoja na nguzo ikaanza kurudi nyuma, na huko nyuma alikuwa Mwinjuma na wenzake wawili, wameiegemeza mabegani. Wakiiachia, inawasaga.

Nilimsikia Zubeda kabla sijamwona. Alikuwa ametupa upawa.

"Bi harusi huyooo!"

Wimbo wa harusini! Nani asiyeujua? Wanaume wakajibu bila kufikiri.

"Mleteni!"

Wakavuta kwa pamoja. Nguzo ikasimama.

"Kajitanda huyooo!"

"Mleteni!"

Ikapanda, ikaingia tisharini. Mimi nilikuwa nalia, na sioni haya kusema.

Zubeda akaokota upawa wake, uso chini. Mwinjuma alipomfikia, mkewe akamwambia, "Nisamehe, baba Najat. Nimevunja ahadi."

Mwinjuma alipokea kikombe cha uji, akanywa polepole.

"Haya, Mwinjuma," msimamizi akaita, "nguzo ya pili!"

Hakurudi mahali pake. Alikwenda nyuma kabisa ya wavutaji, akashika kamba kama mpakiaji yeyote, akamtazama mkewe.

"Mama Najat," alisema kwa mnong'ono, "sie tuko tayari."

Zubeda akaita. Na ndani ya ile "Mleteni!" nzito ya wanaume niliisikia moja iliyokwaruza, ikitoka mwisho wa kamba.