Siku Babu Alipoingia Ziwani

Kengele ya baiskeli ikilia nyuma yangu, hata sasa na uzee huu, mimi hushuka kando ya barabara nikageuza uso kwenye migomba. Vijana wa hapa Ndandalo hucheka wakinipita. Wanadhani bibi kizee anaogopa kugongwa. Ninawaacha wadhani hivyo, maana kisa chenyewe ni kirefu na wao wana haraka zao. Ninyi mliotulia nitawaeleza.

Nilikuwa na umri wa miaka saba, labda minane. Mjerumani alikuwa bado anatawala, na vita vyake na Mwingereza vilikuwa havijafika kwetu. Baba yangu alikuwa seremala wa misheni, mtu mrefu, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukasirika akichekwa. Alipomaliza kutengeneza madirisha ya kanisa, mchungaji Mzungu alifurahi akamwazima baiskeli yake siku ya Jumamosi. Baba aliileta nyumbani akiikokota taratibu, kana kwamba ni ng'ombe mwenye mimba. Kijiji kizima kilikuja kuishika. Mimi niliruhusiwa kupiga kengele, na nikaipiga mpaka mama akaniambia nitaimaliza.

Kabla sijaendelea lazima niseme jambo moja kuhusu mama na babu, baba yake baba. Kwetu, mwanamke aliyeolewa hamtazami baba mkwe wake usoni, wala hasemi naye, wala hakai anapokaa. Mkwe naye humwepuka vivyo hivyo. Ndiyo maana wazee walijenga kijiji chao mbali kidogo na cha wana wao. Babu alipotaka kuja kwetu alianza kukohoa tangu kule kwenye mianzi, kikohozi kikubwa cha mtu asiyeumwa kifua, na mama alijitanda kaniki yake kichwani akatokea mlango wa nyuma. Babu akiwa na neno, aliniambia mimi nikampelekee mama kule nyuma ya nyumba. Mama akiwa na jibu, alinipa mimi. Alimpikia ndizi vizuri kuliko alivyompikia baba, nami nilizibeba. Mwanamke aliyeonana na mkwewe uso kwa uso alirudi kwao, na wapo ambao hawakupokelewa tena kwa waume zao. Mama yangu alibatizwa, alijua nyimbo zote za kanisani, na katika jambo hili hakukosea hata mara moja.

Baba aliuona ni utumwa. Alikuwa amemwona mke wa mchungaji akitembea sambamba na mumewe, akiongea na kila mtu, na jambo hilo lilimkaa moyoni. Alimpenda sana mama, na alitaka naye atembee hivyo.

Basi asubuhi ile alinipakia kwenye bomba la mbele, akampandisha mama kwenye keria, upande upande, tukaondoka kwenda Mwaya, kwenye bandari ya ziwani.

"Leo utaliona ziwa kama wenye ziwa lao," baba alimwambia.

"Ziwa nililiona kabla sijakuona wewe," mama akajibu. Lakini nilisikia kwamba anatabasamu.

Njia ilikuwa tambarare, migomba huku na huku, umande ukitudondokea kila tulipopita chini ya majani. Penye mchanga tulishuka tukasukuma. Karibu na ziwa hewa ilibadilika, ikaja harufu ya usipa, dagaa wa ziwa letu, walioanikwa, chumvichumvi na ya kuvutia, mate yakanijaa. Mwaya nako kulikuwa kumechangamka. Kulikuwa na ghala la bati linalong'aa mpaka linaumiza macho, bendera ya Mjerumani, duka la Mhindi, na meli ya moshi imetia nanga mbali kidogo, wapagazi wakishusha mizigo kwa mitumbwi. Askari wawili walikaa kivulini wakipepea nzi. Ufukweni wanawake wa Kikisi, wafinyanzi wa pwani ya ziwa, walikuwa wamepanga vyungu vyao mchangani, vimekaa matako juu, vyekundu na vyeusi. Ukikitaka chungu unakijaza mchele au maharage. Nafaka inakuwa yao, chungu kinakuwa chako.

Mchanga wa ukingoni, pale mawimbi yanapoishia, ulikuwa mgumu, na baiskeli ilikwenda juu yake bila kuzama. Baba akatuendesha kutoka ghalani hadi mwisho wa vyungu, akageuza, akarudi. Upepo uliingia mdomoni mwangu. Mama alimshika baba kiunoni mbele za watu, jambo ambalo sikuwa nimeliona, akawa anacheka chini chini. Sijamsikia akicheka vile tena. Baba akapiga kengele ili watu watupishe, wakatupisha, akapiga tena kwa raha tu.

Mzee mmoja alikuwa ameinama kwenye vyungu, akivigongagonga kwa kidole asikilize kama vina ufa. Kengele ilimshtua, akageuka. Alikuwa babu.

Mama angekuwa anatembea kwa miguu, angemwona kwa mbali. Wanawake wenzake wangempasha habari, na babu naye angekohoa. Juu ya baiskeli hapakuwa na nafasi ya hayo yote. Mama alijirusha chini, akabingiria mchangani, akajivuta kaniki usoni na kujikunyata. Babu naye alichuchumaa hapo hapo, akatupa mgongo, akajifunika nguo yake kichwani. Wakawa wamekaa hivyo wote wawili, hatua chache tu kati yao, wamejifunika. Baba akasimamisha baiskeli, nikateremka katikati yao.

Yangeishia hapo, tungepona. Lakini wale askari na wapagazi hawakuwa watu wa kwetu, wakaangua kicheko. Mmoja akauliza kama mzee na yule mwanamke wanacheza kibe, ule mchezo wa kujificha. Nikaona shingo ya baba inavimba.

"Tata, inuka," alimwambia baba yake. "Mambo haya tumeyaacha. Leo mkweo atakusalimu mbele ya watu wote."

"Mwache mtoto wa watu," babu alisema kutoka ndani ya nguo.

Baba hakumwacha. Alimwinua mama kwa mkono, akaivuta ile kaniki ikatoka kichwani, akamgeuza. "Msalimie. Sema 'ndaga, tata', basi, iishe." Mama alitoa sauti ambayo sitaki kuieleza. Babu aliposikia akainua kichwa, nadhani alifikiri mama ameumia. Wakaonana. Mimi nilikuwa katikati na niliwaona wakionana.

Babu akasimama, akageuka, akaingia ziwani. Hakukimbia. Alitembea tu, maji yakampita magoti, yakampita kiuno.

"Mzee, hapo pana mamba," Mkisi mmoja alimwambia. Babu akazidi kwenda. Kicheko kilikuwa kimekatika. Hata baba alisimama tu, bado amemshika mama mkono. Maji yakamfika babu kifuani.

Mama ndiye aliyeelewa haraka. Kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kumkimbia, babu asingetoka majini maadamu mama yupo pale. Alimuuma baba mkononi, akachoropoka, akaokota kaniki yake na kukimbia kuelekea njia ya Ngana, kwao. Nilitaka kumfuata. Badala yake nilikwenda ukingoni nikapaza sauti.

"Babu, ameondoka."

"Kweli ameondoka?" Hakugeuka.

"Kweli. Ameingia kwenye migomba."

Ndipo akatoka, nguo inamchuruzika maji, akanishika mkono. Tulirudi Ndandalo kwa miguu, mimi na yeye. Baba alikuja nyuma akikokota baiskeli.

Mama hakurudi. Masika yote alikaa Ngana, na mimi nililala kwa bibi nikilia kwa sauti ndogo ili nisiambiwe ninyamaze. Nilisikia wakubwa wakinong'ona kwamba ameharibika, kwamba baba atafutiwa mwanamke mwingine. Baba alikwenda kumchukua, akarudi peke yake. Wakwe zake walimwuliza kama ni kweli binti yao alionana na mkwewe, naye akawaambia ni kweli, walionana, na hakuna aliyekufa. Alikuwa mkweli, baba yangu, na aliuonea fahari ukweli wake. Wakamwonyesha njia.

Mvua zilipopungua babu akanichukua tukaenda Ngana. Alikohoa tangu mbali. Alikwenda kukaa nyuma ya nyumba ya kwao mama, uso kwenye migomba, wakati mama yuko ndani. Kati yao ulikuwepo ukuta wa matete tu, kila neno lilisikika, lakini ilibidi niizunguke nyumba nikalipeleke.

"Mwambie mama yako," babu alisema, "siku ile jua la ziwani lilinipiga machoni. Sikumwona mtu."

Nilizunguka, nikasema. Mama alikuwa ameketi chini. Aliivuta kaniki yake ikakaa vizuri kichwani.

"Mwambie babu, nami mchanga uliniingia machoni. Sikumwona mtu."

Nilirudi kwa babu nimevimba kwa hasira. Misheni walitufundisha kwamba mwongo huenda motoni, na hawa wawili niliowapenda kuliko watu wote walikuwa wakidanganya, tena kupitia kwangu. Niliwaona. Nilikuwa pale. Kidogo niseme. Lakini babu aliuliza, "Amesemaje?" kwa sauti ya mtu anayeomba maji, nikamwambia. Wazee wa kwao mama, waliokuwa wakisikiliza kando, wakasema kama hakuna aliyemwona mwenzake basi hakuna jambo. Kesho yake mama alifunga mzigo wake.

Miaka mingi nilimlaumu mama kimoyomoyo kwa uwongo ule. Nilikuwa nimeshaolewa, nami nina mkwe wa kumwepuka, ndipo nilipoelewa kwamba kule kujifunika hakukuwa mzigo aliotwikwa mama. Ilikuwa heshima yake. Babu aliilinda hata mbele ya mamba, na baba aliyempenda alimvua mbele ya wageni, akidhani anamfungua.

Baba hakuwahi kuomba msamaha, wala mama hakumdai. Waliishi vizuri, lakini hawakutembea tena pamoja. Babu alipokuwa ameshazikwa siku nyingi, na baba mwenyewe kichwa kimejaa mvi, mume wangu alikaa naye barazani akamtania, "Baba, nasikia ninyi mlikuwa wa kwanza kuwapeleka wake zenu ziwani kwa baiskeli."

Mama alikuwa uani akitwanga. Mchi ukasimama.

"Nani amekwambia?" baba alisema, kwa sauti ya kufika hadi uani. "Mke wangu hajapanda baiskeli maisha yake yote."

Kisha nikasikia mama anaendelea kutwanga.