Kanda Yenye Sauti Yangu

Siku hizo mwanangu alikuwa na cheo wizarani, Al Khuwair, huku Uarabuni, na nyumbani kwake Kiswahili kilikuwa cha jikoni. Ukumbini Kiarabu. Mie sikupinga, nyumba ni yake. Lakini mjukuu wangu wa kike na wana wa ami yake watatu walipotoa kanda yao ya kwanza, nyimbo zote zilikuwa za Kiswahili, na wa tatu ulianza na mie.

Majina ya vijana hao nnayo kichwani, na la mwenye duka aliyeiuza, na ya kila aliyeisema vibaya. Siyaandiki. Wengi wangali hai, na wajukuu wao wanajua kusoma kuliko mie wa madarasa manne.

Muziki wenyewe waliuita wimbi jipya. Kinanda cha umeme kinanguruma kama friji bovu, ngoma inapigwa na mashine, na mjukuu wangu anaimba kama mtu aliyeudhiwa. Sikuupenda, na nilimwambia.

"Subiri wa tatu, bibi."

Wa tatu nikajisikia mwenyewe: "Haya njooni, chakula kinapoa! Niite mara ngapi?" Kumbe alininasa siku aliyoniomba ruhusa aweke rikoda jikoni, ati anataka kelele za masufuria.

Nikaipeleka kanda kwa wifi yangu, tunakokutana wanawake kunywa kahawa.

"Huyu anaumwa jino?" wifi akauliza.

"Sikiliza kwanza."

"Nisikilize nini, wifi? Miaka yote hii tunawafunza watoto Kiarabu wasichekwe, leo nyinyi mnatutangaza Uswahili wetu dukani!"

Sauti yangu ilipotoka wenzangu wakaangua kicheko, mmoja akajimwagia kahawa. Wifi hakucheka. Kufika magharibi keshampigia mwanangu simu.

"Mama, na ofisini wameshanicheka," akaniambia. "Kesho nnazitoa kanda dukani. Watarikodi upya, kwa Kiarabu."

"Na mie, na Kiarabu changu hiki cha kuvunjika?"

"Wewe tutakukata tu."

Mjukuu wangu kasimama mlangoni, machozi yanamtoka. Baba akiamua kaamua. Lakini na baba ana mama.

"Nilikuita kwa maneno hayohayo," nikamwambia mwanangu, "ukaja, ukala, ukapata cheo. Wakikucheka, waambie mama yako anasema Kiswahili na yu hai. Na ukiitoa kanda dukani, nitoe na mie nyumbani."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nshasema."

Kesho yake hakwenda dukani, lakini hakusema kama kaghairi. Ijumaa aliwaalika wenzake wa ofisini chakula cha mchana. Nikaiweka kanda jikoni, mlango wazi, sauti nikaipandisha mpaka mwisho. Akaja mbio.

"Punguza, Mama, nakuomba."

"Sipunguzi."

Akanyoosha mkono azime. Nikamtazama. Mkono ukashuka, akachukua sinia la wali akarudi kwa wageni, mlango kauacha wazi. Nikamsikia mmoja anauliza kwa Kiarabu nani anaimba.

"Binti yangu," mwanangu akajibu.

Kanda zilibaki dukani. Wengi hawakuzipenda, na mie mmoja wao. Mtu ana haki asipende. Kutukata, hapana.