Vijiwe Vinne vya Nyongo, Kutoka Muhuru Bay Hadi Homa Bay

Sogea karibu, msikilizaji wangu, nikusimulie safari iliyoniokoa.

Niliondoka Muhuru Bay kwa sababu ya maumivu. Kila nilipokula samaki wa kukaanga, upande wa kulia chini ya mbavu ulinikaza hadi machozi. Shangazi wa mume wangu, ninayemwita waya kwa Kijaluo, alisema ni sihoho, yaani jicho baya la jirani yetu aliyenitazama nikila. Mtaalamu wake alinichanja tumbo kwa wembe, akafyonza kwa pembe, akanionyesha kipande cha nyama eti kimetoka tumboni mwangu. Nilishangilia siku mbili. Siku ya tatu macho yalikuwa manjano, mkojo kama chai ya rangi, na homa ikanitetemesha.

Asubuhi hiyo mume wangu, Ouma, alinipeleka Migori. Daktari wa picha alipitisha kifaa tumboni, akasema, "Mama, vijiwe vimeziba mfereji wa nyongo. Ukichelewa tutakupoteza. Nenda Homa Bay leo."

Saa tisa alasiri tulikuwa Homa Bay. Nilitundikiwa dawa siku mbili hadi homa ikashuka. Daktari mpasuaji, dada mcheshi, aliona chale zangu.

"Nani huyu amenitangulia?"

"Mtaalamu wa sihoho," nikajibu kwa aibu.

"Usijali, mama. Mimi pia nitatoboa padogo, lakini nina kamera."

Akanieleza polepole: nitalazwa usingizi, tumbo lijazwe hewa ili aone vizuri, kisha kamera nyembamba na vyombo vipite kwenye matundu manne. Atatoa vijiwe mferejini, na kifuko cha nyongo kilichovitengeneza atakiondoa pia.

Nilipozinduka, vijiwe vinne vilikuwa kwenye kichupa. Ouma akavitikisa.

"Hivi vidogo ndivyo vilikuwa vinakuliza?"

"Vimeze wewe basi, tukusikie!"

Wodi nzima ikacheka. Kesho yake nilitembea mwenyewe hadi dirishani, nikaliona ziwa, nikaimba.

Siku ya tatu baada ya upasuaji tulirudi nyumbani. Shangazi alikagua makovu, akashika kichupa.

"Kwa hiyo si jirani?"

"Si jirani, waya. Ni mawe."

Akachukua leso yake, akaenda kwa jirani kuomba msamaha.

Nilijifunza kwamba maumivu yangu yalikuwa na sababu inayoonekana na kutibika. Nawe ukiumwa upande wa kulia chini ya mbavu baada ya kula, omba kupigwa picha ya tumbo. Macho yakiwa manjano au homa ikikushika, nenda hospitali siku hiyo hiyo.