Supu ya Fundi Rangi

Miaka ishirini na sita ya ndoa fundi rangi alikula, akashiba, akafuta mdomo, na asijue chumvi ya nyumba yake inakaa kopo gani. Ujinga huo aliuita uanaume. Siku mkewe aliporudi kutoka hospitali na mshono tumboni, uanaume huo haukujua hata jiko linawashwaje.

Muuguzi alikuwa ameagiza: leo mgonjwa aanze supu ya kuku, nyepesi, isiyo na mafuta wala pilipili. Dada mkubwa wa mgonjwa naye alisema lake kwa simu: "Shemeji, nakuja saa saba. Nikimkuta mdogo wangu hajala, namchukua nikamuuguze kwangu. Wewe baki na mabrashi yako."

Saa nne alikuwa jikoni. Karoti alizikata sawasawa, utadhani kazipima kwa rula. Mikono iliyozoea kupaka kuta juu ya ngazi ndefu bila woga haikuweza kuiacha sufuria itulie. Kila dakika alifunua kifuniko. Supu ikionekana nyepesi, anaongeza viazi. Ikiwa nzito, anaongeza maji. Na kila maji yalipoingia alitupia chumvi nyingine, kama anayekoleza rangi iliyopauka. Akainua mwiko, akatazama inavyodondoka, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa safi, ya dhahabu. Kuonja hakukumjia akilini: tangu aanze kazi, hakuna alichokoroga kilichowahi kupita mdomoni mwake.

Jirani wa mlango wa pili, mwanamke asiyebakiza neno, alichungulia.

"Fundi, harufu si mbaya. Umeonja?"

"Nionje nini, wakati naiona?"

"Makubwa! Tangu lini supu ikanywewa kwa macho?" Akachota kijiko, akaonja, akaitema kwenye sinki. "Ee! Unauguza mke au unakausha samaki?"

Ilikuwa saa sita kasorobo.

"Shemeji yangu yuko njiani," fundi alisema.

"Si ukanunue bakuli pale hotelini, umimine kwenye sufuria yako? Nani atajua?"

Fundi alishafika mlangoni, kandambili miguuni, mguu mmoja nje. Supu ya hotelini huelea mafuta na pilipili. Shemeji asingejua, tumbo lenye mshono lingejua. Mwoga hudanganya ili apumue, na maumivu huyabeba mwingine. Fundi akarudi. Nusu ya kuku ilikuwa imebaki. Akaosha sufuria.

Saa saba kamili shemeji alibisha, mkoba wa nguo mkononi.

"Ameshakula?"

Fundi angeweza kusema ndiyo, amelala.

"Bado. Ya kwanza niliiharibu kwa chumvi. Hii iko motoni."

"Nilijua! Mtu mzima hovyo."

Sauti dhaifu ikatoka chumbani: "Dada, mwache. Nitaingoja."

Shemeji akaketi, mkoba magotini, macho kwenye saa ya ukutani. Jikoni fundi alionja, akaonja tena, mpaka ulimi ukaungua. Saa nane kasoro dakika kumi alibeba bakuli kwa mikono miwili. Mgonjwa alimeza kijiko cha kwanza, akafumba macho. Cha pili. Cha tano. Bakuli lilipofika nusu mkewe alitikisa kichwa, ameshiba. Wote watatu wakasubiri kuona kama supu itatulia tumboni.

Ilitulia.

"Haya," shemeji alisema. "Na jioni atakula nini?"

Fundi alitazama bakuli. Hofu ya siku nzima ilikuwa ya bakuli moja tu. Hakukumbuka kwamba mtu hula kila siku, kama yeye alivyolishwa kila siku bila kuuliza.

"Nitapika," alisema.

"Basi saa kumi na mbili nitakuja kuangalia."

Mlango ulipofungwa, alirudi jikoni na kufungua kabati. Karoti zilibaki mbili, na kitunguu kimoja kilichoanza kuota. Akachukua kisu.